Namba Kumi na Tisa Bado Yuko Majini

"Dola elfu nne na mia mbili," alisema Pruitt, akigonga meza kwa kidole. "Nimeshazilipa. Boti ya kuwavuta watoto kwenye mbao za kuteleza majini iko gatini, dereva wake ameshakula chakula changu. Kesho wazazi wanakuja. Halafu wewe unaniambia nifunge ziwa kwa sababu watoto wamezidi?"

"Amezidi mmoja kwenye hesabu ya majini," alisema Lorna. "Leo siku ya tatu."

"Bibie, siku watakapopungua njoo mbio. Wakizidi, niache ninywe kahawa yangu."

Lorna Thibodeau, msimamizi wa waogeleaji, hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alimwambia kwamba mtu kama yeye angepata mnunuzi angeliuza ziwa lile kwa vikombe. Pruitt, mwenye kambi, akamjibu kwamba anayetaka kuondoka kabla ya Jumamosi mlango anaujua, ila mshahara wa msimu aache hapo hapo. Lorna aliubamiza mlango wa wavu hadi kalenda ikaanguka ukutani. Akafika kwenye ngazi, akasimama. Akiondoka, nani atayaangalia maji? Vijana wa chuo wanaotazamana wao kwa wao?

Akashuka gatini.

Katika Kambi ya Birchmoor, mtoto haligusi Ziwa Tessick bila mwenzake na bila kisahani chake. Kisahani ni kipande cha mbao cha mviringo, kina namba, upande mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Kinaning'inia kwenye msumari ubaoni. Ukiingia majini unakigeuza kiwe chekundu, ukitoka unakirudisha kiwe cheupe. Kila baada ya dakika kumi filimbi inapigwa, kila mtoto anamshika mwenzake mkono, wanainua mikono juu, wanahesabiwa. Mikono na visahani vyekundu lazima vilingane.

Watoto husahau kugeuza. Aliyesahau haogelei kesho yake, na hulia kama kafiwa. Basi waangalizi wenye huruma huwageuzia kimya kimya. Lorna alikuwa hamgeuzii mtu. Aliyemkuta akigeuza kisahani cha mtoto alimfukuza kazi siku hiyo hiyo, na watu walimwona mkali bure.

Msumari wa kumi na tisa ulikuwa mtupu. Namba ile haikutolewa tena.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya misonobari, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kama yalivyo sikuzote. Boti ilimaliza kuwavuta wakubwa. Mawimbi yakatulia. Wadogo wakaruhusiwa kuogelea kwa mara ya mwisho kabla ya chakula cha jioni. Lorna aliwaingiza mmoja mmoja kwa mkono wake. Ishirini na wanne. Junie Okerlund, wa miaka tisa, alibaki juu ya gati. Mwenzake alikuwa na homa ya sikio, na asiye na mwenzake haingii. Junie alinuna. Lorna akamwambia anune vizuri, akiwa mkavu.

Dakika kumi zikapita. Akapiga filimbi.

Mikono ikainuka. Bi Nadine, mwalimu mstaafu wa mazoezi aliyekuwa akimsaidia msimu ule, alihesabu ubao huku akilamba penseli.

"Ishirini na sita ubaoni. Jozi kumi na tatu majini," alisema, akafurahi. "Leo tumepatia, Kocha. Zimelingana."

Lorna aliitoa filimbi mdomoni.

Aliwaingiza ishirini na wanne...

Harufu ikamfikia. Si ya ziwa. Ilikuwa ya rangi iliyoungua, kama mtu ametia mbao iliyopakwa rangi ndani ya jiko. Aligeuka polepole, akautazama ubao.

Kisahani cha Junie kilikuwa chekundu.

Na kwenye msumari wa kumi na tisa kilining'inia kisahani chenye ukingo mweusi, ulioliwa na moto. Kilikuwa kinadondoka maji. Tap... tap... tap.

Chekundu.

Miaka kumi na mmoja nyuma Lorna alikuwa mwangalizi mgeni, na moyo wake ulikuwa laini. Jioni kama ile, wakati watoto wakikimbilia chakula, alikuta kisahani kimoja bado chekundu. Namba kumi na tisa, Tabitha Lunn, mtoto mpole aliyesahau kila kitu. Lorna alicheka, akamgeuzia. Saa moja baadaye kiti cha Tabitha kilikuwa kitupu mezani. Kwa kuwa kisahani kilikuwa cheupe, watu walipita msituni usiku kucha wakimwita. Ziwani waliingia kulipopambazuka. Wapiga mbizi walikaa siku nne, hawakuleta kitu. Mama mtu akaambiwa mwanawe alitoka majini salama, akarudi ziwani mwenyewe kwa utundu. Pruitt alikitia kisahani ndani ya jiko la moto mbele ya macho ya Lorna, akamwambia wamshukuru Mungu kwamba kilikuwa cheupe. Lorna, ambaye kila mtu alimjua kwa kusema kweli, alinyamaza.

Sasa alitembea hadi mwisho wa gati. Mbao zililia chini ya miguu yake. Junie alikuwa mbali na wenzake, karibu na kamba ya maboya, pale sakafu ya ziwa inapokatika ghafla. Alikuwa ameinua mkono, kama alivyofundishwa.

Kiganja chake kilishikwa na kiganja kingine.

Kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mtu aliyekaa majini mno. Kifundoni palikuwa na bangili ya nyuzi, ile wanayosukiana watoto wa kambi, rangi imeisha. Chini ya mkono ule palikuwa na maji tu. Hapakuwa na kichwa.

"Junie," aliita, sauti chini. "Nani alikuruhusu?"

"Nimepata mwenzangu, Kocha."

"Anaitwa nani?"

Mtoto aliinamisha sikio kwenye maji, akasikiliza.

"Anasema unamjua. Anasema wewe ndiye uliyesema ametoka."

Lorna alimnong'oneza Nadine, aliyekuwa amemfuata nyuma, awatoe wote, bila kelele, bila kukimbia. Visahani vikageuzwa kimoja kimoja. Vikabaki viwili vyekundu.

"Haya, Junie. Mwachie, uje."

"Haniachii." Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. "Si mbaya, Kocha. Ana baridi tu..."

Yakamfika mdomoni.

Lorna alijitosa na viatu vyake. Alimpata mtoto kwapani, akavuta. Ilikuwa kama kung'oa nguzo. Alipapasa kwa miguu, hakugusa mwili wala mguu wa mtu. Alikuta baridi tu, baridi iliyosimama wima mahali pamoja kama mtu. Alivuta tena. Junie akazama hadi macho.

Ndipo akaelewa alichotakiwa. Hakikuwa nguvu.

"Namba kumi na tisa!" alipaza sauti, ile ya kuhesabia. "Tabitha Lunn. Yuko majini. Sikumwona akitoka. Kisahani nilikigeuza mimi."

"Funga mdomo wako!" Pruitt alikuwa juu ya gati, kikombe mkononi. Nadine alikuwa kando yake, na alikuwa amesikia kila neno.

"Yuko majini," Lorna alirudia. "Hajatoka."

Mkono ukaachia.

Junie aliibuka akikohoa. Kwenye kiganja chake palikuwa na alama nne za vidole, na hazikutoka hata alipokaushwa.

Ofisini, Lorna alikaa kwenye kiti cha Pruitt na taulo mabegani. Pruitt alisimama mlangoni, akaongea sana. Kwamba elfu nne na mia mbili zitakuwa chenji kwa hasara anayotaka kumletea. Kwamba mtoto amechoka, Nadine ni mzee, na kisahani hakipo, alikichoma mwenyewe. Lorna, aliyekuwa amekitungua msumarini, alikitoa kwenye mfuko wa kaptula, akakiweka juu ya karatasi zake. Maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye ile mbao ndogo, yakavuka meza, yakadondoka sakafuni, na hayakukoma. Pruitt akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine.

Namba ya simu ya mama yake Tabitha Lorna aliijua kwa moyo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuipiga.

Ilipokelewa mara moja, kama mtu alikuwa amekaa kando ya simu. Lorna alisema yote. Hakupamba, hakujitetea.

"Tabitha hakuwa mtundu," alisema Bi Lunn. Sauti yake haikupanda. "Ile asubuhi ya kumleta nilimwambia, mama, usitoke kwenye maji mpaka uhesabiwe. Alikuwa mtoto wa kusikia."

Nje giza lilikuwa limeanza kuingia, na gatini hapakuwa na mtu. Lakini kutoka majini, karibu na kamba ya maboya, ilisikika sauti nyembamba ikihesabu bila haraka. Kumi na saba... kumi na nane... Ikanyamaza. Ikaanza upya, kutoka moja.

"Kesho saa mbili asubuhi nipo getini kwenu," alisema Bi Lunn. "Nataka mwanangu."