Hadithi ya Binti Aliyeolewa na Mto

Basi la Nachingwea liliharibika stendi ya Ruangwa asubuhi moja ya mwaka 2006, abiria wakaanza kununa. Dionisia, fundi cherehani aliyevaa gauni la kitenge cha njano, akaanza kumsimulia mama aliyekaa juu ya gunia la ufuta hadithi ya binti aliyeolewa na mto. Waliokuwa karibu wakanyamaza, kisha stendi nzima. Alipofika kwenye wimbo, akauimba kwa Kimakonde, na kondakta akatua mzigo wake akabaki ameduwaa.

Saturnini, fundi redio wa Nachingwea aliyekuwa miongoni mwa abiria, alisogea karibu. Alishinda na sauti za watu miaka yote, lakini hakuwahi kusikia sauti ya kumwonyesha mtu mto pasipo na tone la maji. Basi lilipotengemaa, alikuwa na namba ya simu ya Dionisia.

Wakawa wanapigiana simu kila siku. Dionisia alimwita Saturnini "fundi wangu". Naye alipoitwa "bibi harusi wa mto", alicheka. Alimweleza kwamba hadithi zote ni za mama yake, Marietha, aliyezileta kutoka Msumbiji, na kwamba tangu apatwe na kiharusi, miezi minane sasa, mama hajatamka neno.

"Nikizisahau mimi, zimekwisha," alisema.

Maneno hayo yalimtia Saturnini hofu. Alipomtembelea Ruangwa akamwomba amsimulie tena ile ya mto, na ndani ya mkoba wake kaseti ya kinasa sauti ikawa inazunguka. Hakumwambia.

Wiki iliyofuata Dionisia alimtembelea Nachingwea bila taarifa, amesuka nywele upya. Akakuta watu wamejaa kwenye kibanda chake cha ufundi, wakisikiliza sauti yake ikitoka kwenye spika. Aligeuka akaondoka papo hapo. Saturnini, aliyemwona akiondoka, alimpigia simu hadi jioni; Dionisia akapokea mara moja tu.

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Kwa nini uliiba?"

Kesho yake Saturnini alikwenda Ruangwa na redio na kaseti ile, aifute mbele yake. Alimkuta Marietha mkekani, binti yake kando, akamwamkia, akaomba radhi kwa wote wawili. Alikiri kwamba alinasa kwa hofu, ila aliwasikilizisha watu kwa majivuno. Marietha akanyoosha mkono wake uliobaki mzima kuelekea redio.

Wakamwekea kaseti. Hadithi ikaenda hadi kwenye wimbo. Sauti ya Dionisia ikaita, ikatulia kungoja kiitikio, na kiitikio kikatoka mkekani, chembamba, cha kukwaruza, maneno yote sawasawa.

Dionisia akapiga magoti. Wimbo ulipokwisha mama alijaribu kusema, ulimi ukakataa. Alipoimba tena, maneno yakaja. Wakakaa wakimwitikia mpaka jua la utosi.

Wakati wa kuagana Dionisia alimsindikiza mlangoni.

"Usiifute," alisema. "Na ukija tena, uje na kaseti tupu. Zipo hadithi ambazo sijajifunza mpaka mwisho."

"Nije na wazee wa kwetu pia?"

 Dionisia akamwambia waje Jumapili baada ya misa, mama atawaimbia.