Mwanangu Alitaja Ukoo Wake Mbele ya Watu

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mkulima wa migomba na kahawa hapa Kimuli, wilayani Kyerwa. Nina mtoto mmoja tu. Au niseme nilikuwa naye... Wasomaji wenzangu, nivumilieni, naandika huku nalia.

Niliolewa ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda. Mume wangu alinipiga hadi jino likang'oka. Mwanangu Mwesiga alipofikisha miaka mitatu nilimbeba mgongoni, nikarudi kwa baba. Mzee alitupokea vizuri. Kabla hajafa alitamka mbele ya ndugu kwamba sehemu ya kibanja, shamba letu la migomba, iliyo nyuma ya nyumba ni ya Mwesiga. Kaka yangu Deusi alitabasamu. Kumbe roho ilikuwa inamuuma!

Mwesiga akaanza shule. Ndipo baba yake akaibuka, akamdai kwenye mahakama ya kwao. Bahati mbaya ulikuwa msimu wa kampeni! Mgombea mmoja wa udiwani akatangaza kwamba mtoto wa Kimuli haendi popote. Mpinzani wake akajibu kwamba tunafuga wageni. Watu walitoana damu vilabuni kwa ajili ya mwanangu, na jina lake hawalijui!

Deusi alikuwa mpiga debe wa huyo aliyetutetea. Akanisihi nimpeleke mtoto mkutanoni, maana hata maofisa wa uhamiaji watakuwepo, wajionee kuwa ni mtoto wa hapa.

"Dada, watu wamuone. Mwenye macho haambiwi tazama."

Ni kaka yangu wa tumbo moja. Ningemkataliaje?

Nilimvalisha shati la kanisani. Deusi akampandisha jukwaani, akamshikisha kipaza sauti.

"Haya mjomba, wasalimie wazee."

"Shikamooni!"

"Sasa waambie, wewe ni wa ukoo gani?"

Kwetu mtoto hufundishwa ukoo tangu anapoanza kusema, na ukoo ni wa baba, hata kama baba huyo ni mnyama. Asiyeujua huchekwa na wenzake kisimani. Mimi mwenyewe nilimfundisha kila jioni nikimenya ndizi. Na Deusi alikuwa akikaa pale pale jikoni, akisikiliza!

Mwanangu akasimama wima. Akataja ukoo wa baba yake, jina la babu yake, kilima chao cha ng'ambo, na kwamba wao hawali nyama ya pongo, mnyama wa mwiko wa ukoo wao. Hakukosea hata neno moja. Alipomaliza alinitafuta kwa macho, akicheka, akingoja nimpigie makofi.

"Si mmesikia? Mgeni huyo!" wakapiga kelele wa upande wa pili.

Yule mgombea wetu, aliyewahi kumbeba mwanangu mabegani, alisogeza kiti chake pembeni. Ofisa akamuuliza Deusi kama familia inamtambua mtoto.

"Kwetu hana ukoo," kaka yangu akajibu.

Nilipiga magoti, nikashika miguu ya watu. Nani alijali? Wakasema kazaliwa kule, kibali hana, baba yake anamtaka, na mwenyewe kajitaja. Walimkabidhi kwa baba yake mpakani akiwa na lile lile shati la kanisani. Alilia akiniita hadi sauti ikamkauka.

Wiki hiyo hiyo Deusi alipanda maharage kwenye kibanja cha Mwesiga. Yule mgombea wetu alishinda. Nilipomfuata alinionya nisimharibie jina.

Nimeongea na mwanangu mara moja tu, kwa simu ya jirani yao. Alinong'ona.

"Mama, nifundishe ukoo wako. Nikiujua watanirudisha."

Nilimtajia. Akaanza kurudia polepole, akakosea, akaomba aanze upya... Kisha nikasikia sauti ya baba yake, na simu ikakatika.

Akina mama wenzangu, hasa mliozaa ng'ambo, nawaomba kwa machozi yangu! Mtoto wako asipandishwe jukwaa la mtu yeyote, hata kama anayemshika mkono ni ndugu yako. Watashangilia, watapata kura zao, watapata shamba lao. Mimi bado namenya ndizi za watu wawili kila jioni.