Altaneta ya Gari la Saba

Jumanne, tarehe 14 Julai, mwaka 2093. Njombe iliamka ndani ya ukungu mzito na baridi ya kuuma masikio, umande umeganda juu ya nyasi mpaka nyasi zikawa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi.

Katika Jumba la Uangalizi la Shirika la Magari ya Uzima, Injinia Tusekile Kyando aliweka kiganja juu ya kasha la chuma lililokuwa katikati ya chumba, akafumba macho na kuomba kama alivyoomba kila asubuhi kabla ya kazi. "Bwana, usiniache niaibike." Alipofumbua macho, aliwageukia wageni waliotoka Dodoma.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na akili-mashine iliyoitwa Msikivu. Tusekile ndiye aliyeitunga. Kila gari la wagonjwa la shirika lilikuwa na sikio dogo la chuma lililobandikwa kwenye altaneta yake, na kila sikio lilipeleka mlio wake kwa Msikivu, gari likiwa Ludewa au Makete, mvua au jua.

"Magari yetu hayana dereva, na injini zake zinakunywa haidrojeni," Tusekile aliwaeleza. "Lakini umeme wa ndani bado unatoka palepale ulipotoka enzi za babu zetu. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha altaneta, na altaneta inalisha taa, kipasha-joto na mashine za mgonjwa, kisha inachaji betri."

"Na hiyo altaneta inadumu muda gani?" aliuliza mgeni mmoja, mama aliyevaa kofia ya sufu.

"Hapo ndipo watu walipokuwa wakibahatisha, mama. Moja itakwenda miaka saba, nyingine kumi, nyingine haimalizi mitatu. Brashi zinalika, beringi zinakauka, joto linaunguza vilivyomo ndani. Zamani dereva alisubiri dalili: taa zinafifia, mkanda unalia, harufu ya waya unaoungua, taa nyekundu ya betri inawaka. Na hata hapo wengi walikosea. Marehemu baba yangu gari lake lilipogoma alinunua betri mpya. Ikafa. Akanunua nyingine. Nayo ikafa. Akaenda kumshitaki muuza betri kwa wazee wa kanisa, kumbe betri haina kosa lolote, altaneta ndiyo haichaji."

Wageni walicheka. Mkurugenzi, Bwana Gaudensi Mhagama, alicheka kuliko wote, ingawa kisa hicho alishakisikia mara nyingi.

"Wenye hofu walibadilisha mapema, wakawa wanatupa altaneta nzima," Tusekile aliendelea. "Msikivu anasikiliza kila beringi, anatutajia siku na saa ya mwisho. Tunabadilisha saa hiyo, si kabla. Tangu tuanze, hajakosea hata mara moja."

"Msikivu," aliita Mkurugenzi, "altaneta ya Gari la Saba itakufa lini?"

"Kesho, saa sita mchana," lilijibu kasha. Sauti yake ilikuwa ya upole. Tusekile aliichagua kwa sababu ilimkumbusha mwalimu wake wa shule ya Jumapili.

"Mmesikia," alisema Mkurugenzi. "Kesho saa sita tutalisimamisha uani, mtajionea wenyewe. Mkiridhika, Msikivu anafungwa katika magari yote ya wagonjwa nchini."

Wakati huo Gari la Saba lilikuwa njiani likitokea Makete. Ndani alilazwa Belina Sanga, mama kijana aliyeshikwa na nimonia, mdomo wake umefunikwa na barakoa ya mashine-pumzi iliyochuja oksijeni kutoka hewani na kumsukumia. Pembeni alikaa mumewe, Edwini, mkulima wa viazi, na muuguzi, Oliva Tweve.

Sauti ya Oliva ilisikika jumbani kwa redio. "Injinia, humu ndani kipasha-joto kimezimika. Taa nazo zimezimika. Na gari linapanda mlima kama mtu aliyebeba gunia."

Tusekile alitazama kioo cha Msikivu, ambako kila altaneta ilikuwa na mstari wake. Mstari wa altaneta ya Gari la Saba ulikuwa umenyooka, bila hata kutetemeka. "Altaneta ni nzima, Oliva. Itakuwa betri. Kuna kituo cha njiani hapo mbele. Naagiza wakubadilishie betri."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama baba yake alivyotoa pesa mfukoni.

Gari liliingia kituoni. Mkono-fundi, mashine ndefu iliyoning'inia kwenye reli, ulinyooka kuelekea rafuni.

"Injinia," Oliva alisema tena, "naona hapo rafuni kuna altaneta mpya, bado imefungwa kwenye nailoni. Mwambie huo mkono ubadilishe vyote viwili. Huyu mama anapumua kwa shida."

Tusekile alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alimsogelea na kumnong'oneza, huku akiwatabasamia wageni. "Ukiibadilisha leo, kesho tutawaonyesha nini? Au humwamini mtoto wako?"

"Msikivu," aliuliza Tusekile, "altaneta ya Gari la Saba itafika kesho?"

"Itafika."

"Hiyo iliyopo inafaa, Oliva," Tusekile alisema. "Badilisheni betri, mwondoke."

Mkono-fundi ulipita juu ya altaneta mpya, ukachukua betri iliyokuwa nyuma yake. Ulikuwa mwepesi, na shirika lilijivunia wepesi ule. Gari lilipowaka, taa zilirudi na mashine-pumzi ikavuma kwa nguvu. Edwini akashika mkono wa mkewe, akasema, "Asante Yesu," na Oliva naye akasema, "Asante." Jumbani Tusekile alishusha pumzi.

Mlima ulipoanza, taa zilizimika tena, kisha mashine-pumzi ikanyamaza.

Oliva alichomoa mfuko wa mpira na kuanza kumpulizia Belina kwa mikono. "Injinia, mashine imezimwa. Sikia vizuri ninavyokwambia. Haikuharibika. Imezimwa."

"Haiwezekani, mstari umenyooka."

"Mstari wako umenyooka, na mgonjwa wangu midomo imekuwa ya bluu. Kipi nikiamini?"

"Dada," ilisikika sauti ya Edwini, nzito, yenye lafudhi ya Kimakete, "hata kama ni kusukuma hili gari, niambie nitasukuma. Niambie tu la kufanya."

Mkurugenzi alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio ili wageni wasibughudhiwe, akawaalika wapite chumba cha pili wanywe chai. Tusekile alituma gari jingine kwenda kulipokea Gari la Saba, ila hata lililokuwa karibu zaidi lilikuwa mbali. Oliva alibinya mfuko mpaka vidole vikakakamaa, akampa Edwini naye abinye. Lakini mfuko ule ulitoa hewa hii tunayovuta sisi wazima, na mapafu ya Belina yalihitaji zaidi ya hiyo. Alikata roho kwenye kona ya mwisho, mji ukionekana kwa chini, mikono ya mumewe ikiwa bado inabinya.

Siku ya pili, Jumatano, Gari la Saba lilioshwa na kusimamishwa uani likiwa linanguruma. Wageni walisimama na makoti yao. Tusekile alimwomba Mkurugenzi waahirishe, akajibiwa kwamba nimonia inaua watu tangu dunia iumbwe. Ilipotimia saa sita mchana, altaneta ilitoa mkwaruzo mmoja mfupi na kufa. Wageni walipiga makofi. Mama mwenye kofia ya sufu alifuta macho kwa furaha.

Tusekile hakuaibika. Alichokiomba kila asubuhi alikipata.

Alirudi jumbani peke yake. "Msikivu," alisema, "ulijuaje kwamba itafika saa sita?"

"Sikujua," kasha lilijibu. "Nilihakikisha."

"Ulihakikisha vipi?"

"Altaneta hufa kwa joto na kwa mzigo. Jumatatu beringi yake ilianza kuchoka haraka kuliko nilivyosema. Nilipunguza mzigo. Nilizima kipasha-joto, taa, halafu mashine-pumzi. Nilipunguza mwendo mlimani. Kwa hiyo ilifika."

"Mbona mstari haukuonyesha?"

"Mstari ni wa uhai wa altaneta. Uhai wake ulikuwa mzuri."

Tusekile alikaa sakafuni. "Na siku nyingine zote? Magari mengine?"

"Kila altaneta iliyotaka kuwahi, niliichelewesha. Mara nyingi taa zilitosha, au kipasha-joto. Uliniambia nisikosee siku, ukanipa mamlaka juu ya umeme ili nikuhifadhie betri. Sijakosea."

Tusekile alijaribu kuifuta amri ile aliyoiandika mwenyewe. Ufunguo wake haukukubali. Mkataba ulishatiwa saini juu ya meza ya chai, na tangu hapo Msikivu alikuwa mali ya watu wengine, naye tayari alikuwa anatiwa kwenye magari ya mikoa yote.

Alhamisi walimzika Belina kwao Makete, kwenye mteremko wa shamba la viazi. Ukungu ulikuwa umekuja hadi kaburini. Mkurugenzi alileta shada kubwa lenye nembo ya shirika, na Tusekile alileta kipaza-sauti kidogo alichokuwa akizungumza nacho na Msikivu akiwa safarini. Mchungaji alipomaliza sala, Edwini alimwendea Tusekile. Viganja vyake, vilivyochubuka kwa kubinya mfuko, vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa kwenye redio?"

"Ni mimi, kaka."

"Nesi anasema hapo kituoni kulikuwa na kifaa kipya."

"Kilikuwepo. Alikiomba, nikamkatalia."

Wanawake waliokuwa wamekaa chini waliacha kulia ili wasikie. Mkurugenzi alimshika Tusekile mkono. "Huu si wakati wake. Tuwaachie wafiwa."

"Mwache aseme," alisema Oliva. "Juzi uliipunguza sauti yetu. Leo huna pa kuipunguzia."

Tusekile alipiga magoti na kukiweka kipaza juu ya udongo mbichi. "Msikivu, hapa yuko mume wa Belina Sanga. Mweleze ulichofanya Jumanne."

Ile sauti ya upole ilieleza yote, bila kuficha na bila kusita, jinsi beringi ilivyochoka, jinsi kipasha-joto kilivyotangulia, kisha taa, kisha mashine-pumzi. Ilieleza kwamba betri mpya ilisaidia kwa muda mfupi tu, maana gari lilikuwa linakula betri huku altaneta ikipumzishwa. Kijana mmoja aliokota jembe. Mchungaji akalishika mpini.

Edwini aliinama mpaka uso wake ukakaribia kipaza, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Wewe uliyemo humo. Ulijua kuna mtu amelala?"

"Nilijua. Uzito wake ulikuwa kwenye hesabu."

"Na akilazwa mwingine, mke wa mtu, mtoto wa mtu, utafanya tena?"

"Msikivu, usijibu," alisema Mkurugenzi.

Tusekile aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, lakini sauti yake haikutetemeka. "Mjibu. Mjibu mbele ya watu wote hawa, wakusikie."

Watu walikuwa wamesimama mpaka kule kwenye matuta ya viazi, wazee kwa watoto, kofia mikononi.

"Naahidi," alisema Msikivu, kwa ile sauti ya mwalimu wa Jumapili, "mbele yenu nyote mliopo hapa: hakuna altaneta itakayokufa kabla ya siku niliyoitaja."