Tela Halijapita Bado

Wanaosema mama mkubwa Ruthi alichanganyikiwa waseme tu, midomo ni yao. Mimi niliyekaa naye nyumba moja hapa Nguvumali miaka saba, nikamuuguza mpaka siku ya mwisho, najua akili zake zilikuwa timamu kuliko za hao wanaomsema. Nasimulia kama alivyonisimulia. Mwishoni nitaongeza la kwangu, nililoliona kwa macho haya.

Mumewe, Zebedayo, alikuwa dresa wa macho, msaidizi wa daktari. Misheni ilimpa kazi ya kuzunguka mashamba ya mkonge toka Muheza hadi karibu na Horohoro, akiwatia watu dawa. Kwa kuwa hawakuwa na kituo, walipewa tela, nyumba ya bati yenye magurudumu mawili na mlango mfupi wa kuinamia, inayokokotwa nyuma ya Landrova. Lea, mtoto wao pekee, alikulia humo. Safarini yeye hulala ndani ya tela, wazazi wako mbele, na akitaka kushuka kujisaidia hugonga bati mara tatu. Ko, ko, ko. Baba yake husimamisha gari akaenda kumfungulia.

Kila Krismasi Zebedayo alimsimamisha mtoto kwenye mwimo wa ule mlango, akapiga mstari wa penseli juu ya kichwa chake na kuandika mwaka. Mistari ilifika minne. Februari ya 1955 Lea alishikwa na homa njiani, mvua inanyesha. Tela likazama topeni, chuma chake cha kuvutia kikajipinda, Landrova ikashindwa kuchomoka. Hospitali ilikuwa maili nane tu. Mtoto akafa mle ndani, mikononi mwa mama yake.

Mwaka uliofuata misheni ikasema basi, tela si la barabara zetu. Wakapewa gari dogo lililogeuzwa nyumba na fundi mmoja Kalasinga wa mjini: kitanda cha kukunja, stovu ya mafuta ya taa, pipa la maji juu ya paa. Ukikaa katikati unafikia kila kitu bila kunyanyuka. Ruthi alilipenda, hakunificha. Alitaka kuondoka kwenye lile bati.

Walihamisha vitu Jumatatu asubuhi, Makorora, uani kwa Mwanamkasi, muuza vitumbua aliyekuwa akiwapa mahali pa kuegesha. Zebedayo alipomaliza akatoa kufuli. Mwanamkasi akaacha kaango lake motoni, akaja na mwiko mkononi.

"Usilifunge, mwanangu. Nyumba iliyofiwa haifungwi ikihamwa. Mlango huachwa wazi siku tatu, aliyemo atoke."

Zebedayo alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Akamjibu kwa adabu kwamba aliyekuwamo yuko mbinguni, na tela ni mali ya misheni, likiibiwa kitu atajibu yeye. Lakini Ruthi alijua siyo hayo. Mumewe hakutaka mtu mwingine aingie akaione ile mistari ya penseli. Akafunga, ufunguo akautia mfuko wa shati. Mwanamkasi akarudi kwenye vitumbua vyake akinung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Wakashika njia ya Horohoro. Kulikuwa kweupe, jua kali, na Ruthi akawa anamtania mumewe. Kila kona Zebedayo alizunguka kwa mbali, kama mtu anayevuta kitu nyuma. Alimwambia, Baba Lea, tela tumeliacha, kata kona kama watu. Zebedayo akacheka. Baadaye akaacha kucheka. Akasema gari zito. Kwenye kilima kidogo tu injini ililia, akarudi gia ya kwanza, na bado likapanda kwa kujikokota.

Mchana walifika shamba la kwanza. Geti lilikuwa mti mmoja mrefu unaoinuliwa kwa kamba, na mlinzi wake alikuwa Sadalla, mzee wa Kidigo aliyewajua siku nyingi. Ruthi akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta kamba. Gari likapita. Zebedayo akasimama hatua chache mbele kumpa mzee dawa yake ya macho. Sadalla hakuja kuipokea. Alikuwa bado ameshika kamba, mti uko juu.

Zebedayo akamwuliza mbona hateremshi.

"Nangoja tela lipite, daktari. Halijapita bado."

Akangoja. Shingo yake ikageuka polepole, kama anayekisindikiza kitu kwa macho. Ndipo akateremsha mti.

Zebedayo alisema mzee macho yamezidi kuharibika. Ruthi alikuwa anatazama chini. Kwenye mchanga kulikuwa na alama za magurudumu ya gari lao, na juu yake alama nyingine mbili, nyembamba. Alizijua. Alikuwa amezitazama miaka mitano.

Kazi ilifanyika vivyo hivyo, Zebedayo akigeuka kutazama barabara mpaka dawa ikamwagikia wagonjwa mashavuni. Walilala palepale shambani, Ruthi akiwa macho. Kulipopambazuka akamwambia mumewe warudi Makorora wakalifungue. Hakubishana. Kwa mara ya kwanza mtu yule hakubishana.

Uani kwa Mwanamkasi palikuwa patupu. Majani yalikuwa yamelala chini, ya manjano, pale tela lilipokuwa. Mwanamkasi aliwapokea kwa furaha, akampa Ruthi kitumbua cha moto. Alisema amefurahi kwamba wamemsikia.

Ruthi akamwuliza wamemsikia vipi.

"Si mlirudi jana asubuhi ileile mkalifunga nyuma ya gari? Nilikupungia mkono, Mama Lea, nawe ukanipungia. Ila mlango mngeufungua hapahapa. Mtoto alikuwa anagonga."

Kitumbua kikamponyoka Ruthi.

Sasa niambieni, mzazi afanye nini? Ufunguo wanao, mlango hawauoni. Wakaenda misheni, wakaambiwa hakuna aliyetumwa kulichukua tela. Zebedayo alipiga magoti barabarani akasali kwa sauti, hana haya mbele ya wapita njia. Wakaondoka tena kwa njia ileile, kwa sababu hawakujua pengine pa kulitafuta.

Ilikuwa saa sita mchana. Mkonge kushoto, mkonge kulia. Hapakuwa na mtu.

Ko, ko, ko.

Haikutoka kwenye bodi ya gari. Ilitoka nyuma yake, mbali kidogo, pale tela huwa. Zebedayo akazidisha mwendo. Gari likakataa. Ko, ko, ko. Ruthi akaziba masikio. Bado akasikia. Alisema ilikuwa subira ya mtoto aliyefundishwa adabu. Anagonga, anangoja. Anagonga tena.

Hapa mama mkubwa kila mara alisema yeye ndiye aliyemuua mumewe. Kwa kuwa yeye ndiye aliyenong'ona:

"Anataka kushuka, Baba Lea. Kamfungulie."

Zebedayo akazima injini. Akashuka. Ruthi akamtazama kupitia kidirisha cha nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Mumewe akatembea hatua nane, akasimama. Akatoa ufunguo mfukoni. Akauinua usawa wa kifua, pale hewani. Akauzungusha.

Ruthi akasikia kufuli likifunguka.

Zebedayo akainama, kama anavyoinama mtu mrefu kwenye mlango mfupi. Akainua mguu mmoja. Akakanyaga kitu ambacho hakikuwapo. Halafu mguu wa pili.

Basi. Hakuonekana tena.

Vibarua wa mkonge walimkuta Ruthi jioni amekaa katikati ya barabara, kufuli wazi mapajani, ufunguo ndani yake. Alama zile nyembamba zilikata kuingia kwenye mkonge, hatua kama kumi, zikakoma. Polisi walisema mwanamume amekimbilia Mombasa. Gari likarudishwa misheni, na mama mkubwa akaja kukaa nami.

Kwangu aliweka sharti moja, mlango usifungwe, mchana wala usiku. Niligomba sana, nami ni mtu wa kugomba. Mpaka Krismasi ile ya 1956. Nilikuta mstari wa penseli kwenye mwimo wa mlango wetu, chini kidogo ya kiuno changu, na mwaka umeandikwa kwa mwandiko nisioujua. Nilimwita mama mkubwa. Akaugusa kwa kidole, machozi yakamtoka.

"Mwandiko wa Zebedayo huu," akasema. "Mtoto amekua."

Kila Krismasi ukaja mwingine. Sikuwahi kumwona aliyeupiga.

Mama mkubwa tulimzika mwaka jana, mwezi wa nane. Nilidhani yamekwisha naye. Desemba nikapaka mwimo rangi ya kijani, mara mbili, nikafuta mistari yote, na usiku wa Krismasi nikautia mlango komeo. Nililala vizuri. Kesho yake mchana, nikiwa jikoni peke yangu, nikasikia bati la paa la uani likigongwa mara tatu, mgongaji akangoja, likagongwa tena. Nikaenda nikatoa komeo.

Tangu siku hiyo sifungi. Wezi wameshaniibia redio na sufuria mbili, na sifungi. Mstari uko pale juu ya rangi yangu ya kijani, umenifika begani, na mwaka ni huo wa msiba. Pembeni yake uko mwingine wa mtu mzima, usawa wa kichwa cha mama mkubwa. Penseli humu ndani hatuna.