Mita Nne za Waya

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu wamzike kaka yake, fundi aliuvuta waya wa darubini ya magharibi kutoka ndani ya bomba, akaupima. Mita mia moja na nne. Akarudia. Wa mashariki ulikuwa mia kamili, na nyaya zote mbili alizikata yeye mwenyewe, sawa kwa sawa.

Makubwa haya. Darubini zile mbili hutazama nyota moja. Mwanga wake hupepesa kwa pamoja katika zote mbili, na kadiri unavyozitenganisha, upatano huo unafifia. Unapopotea, ndipo ukubwa wa nyota unapojulikana. Lakini mapigo ya umeme ya darubini zote mbili sharti yafike kwenye mashine ya kuyalinganisha kwa wakati mmoja, na mita nne zinatosha kuyapishanisha. Miaka miwili kaka mtu, mkuu wa kazi hiyo, alipata upatano wa sifuri, akafa kwa presha na sifuri zake, na waya hakuukagua hata mara moja. "Kapima mdogo wangu," alikuwa akisema, yamekwisha.

Kipande kigeni kilikuwa katikati, kimelehemiwa kwa mkono stadi.

Alianza na msaidizi, aliyekitolea macho kiti cha marehemu bila kujificha.

"Dada, mimi nimeajiriwa mwaka jana, sifuri nimezikuta. Halafu hata plagi ya pasi nachanganya nyaya, si unajua?"

Alijua, pasi hiyo aliitengeneza yeye. Akafungua daftari la wageni. Wiki ile sifuri zilipoanza, aliingia mgeni mmoja tu, saa kumi jioni, kumletea kaka mtu chakula. Fundi akalisoma jina lake mara mbili, akalifunga daftari.

Hakwenda kwa mwenye jina siku hiyo. Alikitoa kile kipande, akaipima nyota pamoja na msaidizi, ndipo akaenda.

Wifi yake, mjane wa kaka mtu, alikuwa sebuleni, kwenye meza anayotengenezea redio za watu. Fundi akakiweka kipande mbele yake.

Mjane hakukana. "Nilitaka ashindwe, wifi. Achoke, arudi kulala nyumbani kama waume wa wenzangu. Kumbe ndio nimemfungia huko huko kwenye darubini."

"Na mimi je? Watu wanasema waya wangu ndio uliomuua."

"Najua. Nisamehe, au usinisamehe."

Fundi alilia, kwa hasira na kwa uchungu, maana alimpenda mwanamke huyu kama dada.

"Aliniahidi akishaipima nyota hiyo moja, anastaafu," mjane alisema. "Sikumwamini. Mmeipima?"

"Tumeipima."

"Imewachukua muda gani?"

Fundi alitamani kudanganya, ulimi ukakataa.

"Siku tatu, wifi."