Mwanahabari Naye Aulizwe Hali

Asubuhi ile Mwanahawa alikuwa akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nyumbani kwao Mtawanya simu ilipolia. Aliipokea huku akifukuza moshi kwa upindo wa khanga. Alisikiliza kidogo. Kisha akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Nimechaguliwa! Mama, nimechaguliwa!"

Mama yake, Bi Saida, akatoka ndani akijitanda mtandio. "Umechaguliwa nini tena? Uchaguzi si umeshapita?"

"Mafunzo, mama! Tunakwenda kufundishwa kutibu kiwewe. Yale maumivu ya moyoni yanayompata mtu aliyeona mambo ya kutisha. Na safari hii tutafundishwa kuwasaidia waandishi wa habari."

Mwanahawa alikuwa mshauri nasaha katika kituo cha afya. Alikuwa amewasikiliza wajane, wagonjwa, na wanandoa waliogombana. Mwandishi wa habari hakuwahi kumhudumia hata mmoja.

"Waandishi?" Bi Saida alishangaa. "Wale wana shida gani? Kazi yao si kuongea tu?"

Mwanahawa aligeuka. Alitazama upande wa pili wa ua. Bi Saida naye akatazama huko. Yassini, mdogo wake Mwanahawa, alikuwa ameketi peke yake, mgongo ukutani. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Yassini alikuwa mwandishi wa redio ndogo ya jamii. Yeye na mkewe, Shadya, waliishi katika nyumba hiyo hiyo. Wakulima wa bonde la Ruvuma waliijua sauti yake. Ni yeye aliyewapa bei ya korosho. Ni yeye aliyewatangazia mpira. Mto ukianza kujaa, ni yeye aliyewaonya.

Lakini miezi kadhaa nyuma, mtumbwi wa abiria ulipinduka mtoni, karibu na Mahurunga. Yassini alifika kabla ya waandishi wengine. Alirekodi vilio vya akina mama. Alisimama karibu na miili ya watoto, akasoma majina yao hewani. Kesho yake mhariri alimsifu, akampa kazi nyingine.

Tangu siku hiyo Yassini alibadilika. Kitu kikianguka, anaruka. Mtoto wa jirani akilia, anaziba masikio. Usingizi ulimkimbia. Shadya akimsemesha, anamfokea. Na wiki hiyo alikuwa ametamka kwamba anaacha kazi.

"Kuna mtu kamchezea," Bi Saida alinong'ona. "Nimeelekezwa kwa mganga mmoja."

"Subiri kidogo, mama," Mwanahawa alisema. "Acha kwanza nikajifunze."

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mmoja mjini Mtwara. Washauri walitoka Masasi, Newala, hata Lindi. Mwalimu wao alikuwa Daktari Rebeka, mama mmoja mrefu mwenye kicheko cha kuambukiza. Hakuwapa hotuba ndefu. Aliwapa igizo.

Kelvin, mshauri kutoka Masasi, alijifanya mwandishi wa habari. Mwanahawa akawa mshauri. Alikaa vizuri kitini. Alikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha anachojua.

"Karibu, kaka. Nieleze yote uliyoyaona siku ile."

Kelvin akatabasamu. "Kabla sijaeleza, dada, kazi hii umeifanya muda mrefu?"

"Eh, miaka mingi."

"Na changamoto kubwa mnayokutana nayo ni ipi?"

"Vyumba, kaka! Unamsikiliza mgonjwa, huku mwenzako anapita kuchukua mafaili..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanahawa akashtuka. Kumbe anahojiwa yeye!

Daktari Rebeka alicheka mpaka akavua miwani. "Mmeona wenyewe? Mwandishi amezoea kuuliza. Hajazoea kuulizwa. Ukimbana akumwagie yote siku ya kwanza, atakugeuzia maswali, au hatarudi tena."

"Sasa tuanzie wapi?" Mwanahawa aliuliza.

"Anza na usalama. Mwandishi anaogopa mhariri akisikia, atamwona dhaifu na kumnyima kazi. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba maneno yake hayatoki nje, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Halafu mfundishe kuutuliza mwili. Akanyage chini vizuri. Avute pumzi taratibu. Ataje vitu anavyoviona mbele yake, ajue kwamba yuko hapa, hayuko kule kwenye ajali. Akishatulia, na akiwa tayari mwenyewe, ndipo mtayagusa yaliyompata. Kidogo kidogo."

"Na kumwambia ajikaze?" Kelvin aliuliza.

"Ameshajikaza sana. Ndiyo maana anaumwa." Rebeka akanyanyua simu yake, akaiweka sikioni kama anayesikiliza. "Tena kuna jambo wengi hawalijui. Mwandishi huumia mara mbili. Anaumia kwenye tukio. Kisha anarudi studio, anakisikiliza kilio kile kile tena na tena akikata na kuunganisha habari."

Mwanahawa alijikuta amesimama. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Alikuwa ameuona ugonjwa wa mdogo wake ukielezwa mbele yake, pamoja na dawa yake! Wakati wa mapumziko alimkimbilia mwalimu.

"Daktari, nina ndugu yangu ana haya yote. Nianze kumtibu leo?"

"Usimtibu wewe. Wewe ni dada yake, naye anamhitaji dada. Mtafutie mshauri mwingine."

Kelvin alikuwa amesikia. "Kituo changu kipya ni hapa hapa mjini," alisema. "Akikubali, nitampokea."

Jioni Mwanahawa alimwendea Yassini. Shadya alikuwa pembeni akichambua kisamvu.

"Mimi si kichaa, dada," Yassini alisema baada ya kumsikiliza.

"Hakuna aliyesema hivyo. Ulipougua malaria ulikunywa dawa, na hatukukucheka. Wewe umeuliza hali za watu wa mkoa huu wote. Ya kwako nani ameiuliza?"

"Hakuna."

"Mimi niliuliza," Shadya alisema taratibu. "Ukanifokea."

Yassini aliinamisha kichwa. "Nikimsikia mtoto analia," alisema mwishowe, "nawaona wale. Sijui niwafiche wapi."

"Nenda mara moja tu," Mwanahawa akamwambia. "Usipopenda, usirudi."

Alikwenda. Akarudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Walichozungumza na Kelvin, Mwanahawa hakukijua na hakukiuliza. Alichokiona ni Yassini kumaliza chakula. Alimwona anacheka na mkewe, na la kuacha kazi hakulitaja tena. Siku nyingine hali yake ilikuwa mbaya tena, hasemi na mtu. Shadya alikata tamaa kidogo.

"Wifi, mbona yamerudi?"

"Hayaponi kwa siku moja," Mwanahawa alimjibu. "Lakini sasa anajua pa kwenda yakirudi."

Sehemu ya mwisho ya mafunzo ilikuwa kuvitembelea vyumba vya habari. Mwanahawa na wenzake walifika kwenye ile redio ya jamii. Mhariri, Hashimu, aliwapokea akiwa amesimama mlangoni.

"Ndugu zangu, habari haisubiri mtu apone," alisema.

"Ni kweli," Mwanahawa alijibu. "Lakini mwandishi akianguka, nani ataileta hiyo habari?"

Hashimu akavuta kiti, akakaa. Waliongea mpaka adhuhuri. Wakakubaliana kwamba kwenye tukio la kutisha waandishi waende wawili, wapokezane. Anayehariri vilio apunguze sauti, apumzike, na asiachiwe kazi hiyo peke yake. Mtu akisema hapana, asisimangwe. Na wakirudi, wakae pamoja waulizane hali kabla ya kwenda nyumbani.

Masika ikaanza. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Mchana mmoja habari zilifika kwamba Ruvuma inapanda kwa kasi. Hashimu alimwita Yassini.

"Unaweza kwenda? Ukisema hapana, hakuna ubaya. Nitampeleka mwingine."

"Nitakwenda," Yassini alisema. "Lakini si peke yangu."

Alikwenda na Riziki, mwandishi mwenzake. Kule kituo cha afya, wagonjwa na wauguzi waliizunguka redio ya Mwanahawa. Sauti waliyoijua ikatoka, kali na safi:

"Wananchi wa Mahurunga na vijiji vya jirani, maji yanakuja! Ondokeni mabondeni sasa hivi! Chukueni watoto, chukueni wazee! Pandeni juu, kuelekea shuleni! Msirudi kuchukua vyombo! Naona familia zinatoka, naona vijana wamembeba bibi mgongoni. Hongereni! Endeleeni, bado kuna nafasi huku juu!"

"Huyo ndiye Yassini wetu!" mgonjwa mmoja akapiga makofi.

Mara mtoto akasikika akilia, karibu kabisa na kipaza sauti. Yassini akakatika katikati ya neno. Kimya. Mwanahawa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha sauti ya Riziki ikaingia, imetulia. "Msikilizaji, napokea kutoka kwa mwenzangu. Maji sasa yamefika kwenye mashamba ya mpunga..."

"Wamepokezana!" Mwanahawa alipiga kelele. Watu wakamshangaa. "Wamepokezana kama tulivyofundishana!"

Haikuchukua muda Yassini akarudi hewani. Alitangaza mpaka familia ya mwisho ikapanda. Nyumba zilibomoka, mihogo ikazolewa na maji. Lakini watu wote walipona. Kituo kizima kilirukaruka. Muuguzi mmoja alimkumbatia mgonjwa asiyemfahamu.

Yassini alifika nyumbani kesho yake, tope hadi magotini. Alikuwa amechelewa kwa sababu Hashimu aliwakalisha kwanza, wakaulizana hali. Bi Saida alimshika mashavu kama mtoto mdogo.

"Ulinyamaza, mwanangu. Nikajua umeanguka."

"Mtoto alilia, mama. Nikawaona wale tena. Nikampa Riziki kipaza sauti, nikakanyaga chini, nikavuta pumzi. Nikamtazama yule mtoto vizuri. Alikuwa mzima, analilia kiatu chake." Yassini akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Hakuyaficha. Shadya akamfuta kwa khanga yake.

"Na sasa unajisikiaje?" Mwanahawa aliuliza.

"Nina njaa, dada. Halafu nilale. Kesho nina miadi na Kelvin."

Bi Saida alikuwa ameshaelekea jikoni. Akageuka mlangoni.

"Miadi uende. Mimi nitaendelea na dua zangu, na yeye aendelee na kazi yake." Akafikiri kidogo. "Na huyo kijana wa Masasi anakula pweza? Kesho umbebee."