Sarafu Arobaini na Moja za Doreen

"Doreen, weka hiyo drili chini!"

Ambilikile alikuwa hata hajashuka vizuri kwenye bodaboda. Vumbi la njia ya Matema lilimjaa mpaka kwenye kope, na hasira ndiyo usiseme. Chini ya turubai, katikati ya wauza vyungu wa soko la Lyulilo, mchumba wake alikuwa anatoboa sarafu ya kale atengeneze hereni.

"Ugonile na wewe," Doreen alijibu bila kuinua uso. "Watu husalimiana kwanza."

"Salamu gani? Hiyo ni ya Mjerumani! Ukishaitoboa imekufa!"

"Ilikuwa imelala kwenye sufuria bovu. Sasa itakwenda kanisani sikioni mwa mtu."

Ndivyo walivyoishi mwaka mzima. Ambilikile alikuwa mnunuzi wa kokoa, na kila kijiji alichoingia aliulizia sarafu za zamani, akazitunza kwenye albamu kama mayai. Doreen alizitafuta hizo hizo azigeuze mikufu. Aliyoipata mmoja, mwenzake aliikosa.

Aliondoka bila kuaga. Alipofika Kyela mjini akatuma ujumbe: "Jumamosi wazee wangu wanaleta posa kwenu. Chagua, mimi au hiyo drili."

Jibu lilichelewa mpaka akachoka kuitazama simu. "Njoo kesho. Nitakujibu."

Kesho yake Doreen alimpokea kwa tabasamu, akamwekea kopo mapajani.

"Fungua. Nyingi nilizoziona zina maandishi ya Kijerumani niliziweka pembeni. Wateja wamebembeleza, nikawanyima. Ziko arobaini na moja, zote zako."

Moyo ulimruka kwa furaha. Akafungua kifuniko. Sarafu zote ziling'aa kama sufuria za bibi harusi.

"Nimezisugua wiki nzima kwa jivu na limau," Doreen alisema. "Vidole vimechubuka, ona."

Ambilikile alitaka kulia. Ule weusi wa miaka mia moja ndio wakusanyaji wanaoutafuta, na ukishatoka haurudi.

"Umeziharibu," alisema. "Doreen, umeziharibu zote!"

Tabasamu likamtoka mwenzake.

"Mwaka mzima unanifokea nisitoboe. Ni lini uliniambia nisisugue?"

Ambilikile alirudisha kifuniko kwenye kopo.

"Ni lini, Ambilikile?"

Hakuwahi kumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Huko vijijini alikuwa anakunja pua mbele ya mabibi, anawaambia sarafu chafu hazina maana, kisha anaondoka nazo kwa kipande cha sabuni.

"Niliogopa ungewaambia wenye sarafu kwamba zikiwa nyeusi ndipo zina thamani," alisema akitazama chini.

"Bibi yangu Angetile, pale Ikolo, ulimpa sabuni ukachukua ile ya fedha. Akakushukuru, ndaga fijo, mpaka nikajivunia mchumba. Kumbe ulikuwa unamwibia?"

"Sikumwibia, mimi nili..."

"Ondoka. Na hao wazee wako Jumamosi wabaki kwao."

Ambilikile alipitia nyumbani kuchukua ile sarafu ya fedha, akaunganisha moja kwa moja hadi Ikolo. Akaiweka mbele ya Bibi Angetile na kusema yote, bila kujitetea. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akadai mjukuu wake apigiwe simu.

"Doreen, huyu mwanaume wako yuko hapa analia kwenye mkeka wangu."

"Amekwambia?"

"Amesema. Lakini mimi nilijua tangu siku ile. Mtu atoke Kyela mjini hadi huku kufuata uchafu?"

"Sasa Bibi, mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka kuona atakuja kusema kabla hajakuoa au baada. Amekuja kabla."

Ambilikile alisogeza sikio karibu na simu.

"Mpe simu," Doreen alisema.

"Doreen, mpenzi wangu..."

"Wazee waje Jumamosi. Ila kesho asubuhi unarudi kwenye kila nyumba uliyoacha sabuni, unawaambia wenyewe kama ulivyomwambia Bibi."

"Nitakwenda. Naapa."

"Usiape. Pitia hapa unichukue, nakwenda na wewe kusikiliza."